Nitaupataje uwanja wa gofu uliotoweka?

*Nje kidogo ya mji wetu ulikuwepo uwanja wa gofu wa mashimo 9. Gazeti la 1911 linasema klabu imeanzishwa, ramani iliyochapishwa 1938 inauonyesha, na wazee wanasema ulifungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nina kadi moja ya alama yenye urefu wa kila shimo kwa yadi (kutoka tii, pale pa kuanzia kupiga, hadi grini, pale pa nyasi fupi penye kishimo), lakini haina tarehe. Nimepitia picha zote za setilaiti ninazoweza kuzipata kwenye kompyuta. Naona nyumba upande mmoja na kijisitu upande wa pili, basi. Nataka kujua kila shimo lilikuwa wapi, nani aliuchora uwanja na ulikufa lini. Nianzie wapi? Na nikishapata mahali pa grini, naweza kuchimba kidogo nithibitishe?*

Ndugu msomaji, unachokitafuta kinaweza kupatikana, na mtaji ulio nao si haba. Watu wengi huanza wakiwa na jina tu. Wewe una kadi ya alama, nayo ni ushahidi wa nguvu. Kinachokukwamisha ni mpangilio wa kazi. Umeshika jina la klabu ukitumaini litakufikisha kwenye ardhi. Anza na ardhi yenyewe: kitafute kipande husika, kiwekee mipaka, halafu kila gazeti, kadi na simulizi ya mzee uipime juu ya kipande hicho.

Sababu ni kwamba klabu na uwanja ni vitu viwili tofauti. Klabu huhama, jina likabaki lile lile. St. Andrew's ya Yonkers, Marekani, ilianzishwa 1888, na kufikia 1897 ilikuwa imeshahama mara tatu, 1892, 1894 na 1897. Wale waheshimiwa wa Edinburgh walioandika kanuni za gofu mwaka 1744 walicheza kwenye mashimo 5 ya Leith, wakahamia Musselburgh 1836, kisha Muirfield 1891. Anayesoma jina lao bila kuuliza mwaka atawaweka mahali pasipo pao. Kwa hiyo usichukulie kwamba uwanja wa gazeti la 1911 ndio uwanja wa ramani ya 1938. Huenda ndio, huenda sio. Hilo bado ni swali, na liandike kwenye daftari lako kama swali.

Gazeti hilo nalo lisome kwa uangalifu. "Klabu imeanzishwa" maana yake watu wamekutana wakachagua katibu. "Ardhi imekodishwa" ni hatua nyingine, "uwanja umepimwa" ni nyingine tena, na viwanja vingi vilivyotangazwa kwa mbwembwe havikupigwa mpira hata mmoja. Ukubali kwamba uwanja ulikuwepo pale tu unapokuta matokeo ya mashindano yenye majina na alama, au picha, au ramani.

Na ramani pia ina umri zaidi ya mmoja. Tazama maandishi madogo ya pambizoni: utakuta mwaka wa upimaji, mwaka wa marekebisho na mwaka wa uchapishaji. Ramani iliyochapishwa 1938 inaweza kuwa imepimwa miaka 25 au zaidi kabla yake, kisha ikarekebishwa barabara na reli tu. Kama ndivyo ilivyo yako, haithibitishi kwamba uwanja ulikuwa hai mwaka 1938. Inathibitisha ulikuwepo mpimaji alipopita. Mara nyingi pia wachora ramani waliandika jina la uwanja juu ya mashamba bila kuonyesha mashimo wala mpaka, kwa hiyo mahali maandishi yalipokaa pasikufunge. Kwa Uingereza, Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka matoleo mengi ya zamani ya ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, mtandaoni bila malipo, tayari yamelazwa juu ya ramani ya leo. Kwa Marekani, shirika la serikali la upimaji wa jiolojia, USGS, limefanya hivyo kwa ramani zake za zamani. Linganisha toleo la kabla na la baada. Uwanja unaotokea katika toleo moja na kukosekana katika linalofuata umekupa mabano ya miaka ya kufanyia kazi.

Sasa tuje kwenye picha za setilaiti, maana hapo ndipo ulipopotezea muda. Nyingi ya picha kali unazoziona kwenye kompyuta ni za kuanzia miaka ya 2000. Setilaiti za Landsat za Marekani zilianza 1972, lakini picha zake za mwanzo haziwezi kuonyesha kitu kidogo kama grini. Uwanja uliokufa miaka ya 1940 hautaonekana humo kama uwanja, hata ukikodolea macho. Unachohitaji ni picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipiga sehemu kubwa ya mashamba ya nchi hiyo kuanzia miaka ya 1930, mara nyingi kwa skeli ya 1:20,000, na filamu za mwanzo ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa. Kwa Uingereza kuna picha za kampuni ya Aerofilms tangu 1919 na zile za jeshi la anga za miaka ya 1940. Mkusanyo wa taifa wa picha za angani ulioko Edinburgh unahifadhi picha za kijeshi za nchi nyingi, pamoja na zile za idara ya upimaji ya ng'ambo iliyoundwa 1946 kupima makoloni ya Uingereza. Kwa kwingineko, ofisi ya serikali ya upimaji na ramani ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha. Zipo pia picha za setilaiti za kijasusi za Marekani za mradi wa CORONA, zilizopigwa 1960 hadi 1972 na kufunguliwa kwa umma 1995. Zile bora zaidi hutofautisha vitu vya ukubwa wa mita 2 hivi, na kwa uwanja uliofungwa karibuni kabla yake bado zinaweza kuonyesha makovu.

Unapoagiza picha, jambo la kusimamia ni ukali wa skani. Fanya hesabu kidogo. Kwenye skeli ya 1:20,000, milimita 1 ni mita 20. Uwanja wako wa mashimo 9, tuseme hekta 25, utakaa ndani ya mraba wa sentimita 2.5, na grini yenye upana wa mita 25 ni zaidi kidogo ya milimita moja. Ukiletewa skani ya nukta 300 kwa inchi, kila nukta ni mita 1.7 ardhini, na banka (shimo la mchanga la kumtega mchezaji) la mita 4 litakuwa nukta mbili tatu zisizo na maana. Kwa nukta 1,200 kwa inchi, kila nukta ni sentimita 42, na banka hilo hilo linapata umbo. Kwa hiyo omba 1,200 au zaidi, itoke kwenye filamu yenyewe kama ipo na si kwenye nakala ya karatasi. Uliza pia kama ipo picha ya jirani yake. Ndege hizo zilipiga kwa kupishana, kwa kawaida asilimia 60 ya picha moja hurudiwa kwenye inayofuata, na ukizitazama mbili pamoja kwa miwani ya stirio, ardhi inainuka mbele ya macho yako: grini zilizojengwa zinajitokeza kama meza.

Kwenye picha ya rangi nyeusi na nyeupe, tafuta kwanza mabanka. Mchanga mkavu hung'aa, kwa hiyo ni madoa meupe, mara nyingi mawili au matatu yakizunguka doa laini la duara au yai ambalo ndilo grini. Feawei ni ukanda uliofyekwa, rangi yake ni tulivu kuliko majani marefu ya pembeni. Tii ni vistatili vidogo vya mita 4 hadi 8. Jihadhari na sehemu kavu: grini nyingi za mwanzo huko zilikuwa za mchanga uliochanganywa na mafuta, tambarare, za duara au mraba, wala hazikuhitaji banka. Hizo huonekana kama sahani ndogo nyeusi au nyeupe, na zikifa haziachi kilima chochote.

Ukishapata picha, ilaze juu ya ramani ya leo kwa programu kama QGIS, ambayo ni ya bure. Weka alama za kuoanisha, yaani vitu vinavyoonekana kwenye picha na kwenye ramani pia, zisizopungua 6, afadhali 8 au 10, zikiwa zimezunguka eneo lako pande zote. Tumia makutano ya barabara, daraja la reli, kona ya ukuta. Usitumie miti, kingo za mto, wala paa la jengo refu, kwa sababu kwenye picha ya ndege kila kilichoinuka huonekana kimelalia nje, mbali na katikati ya picha. Kama ardhi ni ya milima, chagua mbinu ya kunyumbua picha badala ya kuizungusha na kuivuta tu, na utumie picha ambayo uwanja uko karibu na katikati. Ukibaki na kosa la mita 5 hadi 10 umefanya vizuri. Likifika mita 30, kuna alama uliyoiweka pabaya. Itafute na uifute.

Hapo ndipo kadi yako inapoingia kazini, na naomba ukae nayo kwa utulivu. Kwanza ipe umri. Kama ina safu ya "bogi" bila "pa" (yote mawili ni majina ya idadi ya mapigo yanayotarajiwa kwa kila shimo), inaelekea ni ya Uingereza au ya desturi ya Kiingereza, ya miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Chama cha gofu cha Marekani kilianza kutumia pa rasmi 1911. Kisha ipime kwa rula. Kadi nyingi za zamani zilikuwa na urefu wa inchi 6 au alama ya inchi 6 ukingoni, kwa ajili ya kanuni ya mpira wa mpinzani kuziba njia ya wako kwenye grini. Kanuni hiyo ilifutwa 1952, kwa hiyo alama hiyo ikiwepo kadi yako ni ya kabla ya hapo. Tazama pia matangazo ya biashara nyuma yake na idadi ya tarakimu za namba za simu. Vitabu vya simu vya mji vitakubana mwaka hadi karibu kabisa.

Kisha geuza yadi ziwe mita kwa kuzidisha na 0.9144. Anza na shimo fupi kuliko yote, kwa sababu huchezwa kwa mstari mnyoofu. Yadi 145 ni mita 133: tafuta kistatili na doa vilivyoachana kwa umbali huo. Shimo la 1 na la 9 kwa kawaida huanzia na kuishia karibu na nyumba ya klabu, na zamani tii ya shimo linalofuata ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye grini iliyotangulia. Kwa hiyo ni mnyororo: ukishika pete mbili tatu, zilizobaki zinajivuta zenyewe. Usidai usahihi wa mita moja. Kamati zilipima kwa mnyororo kufuata mwinuko wa ardhi, zikakadiria, na baadhi zilirefusha uwanja kwenye karatasi ili uonekane wa maana. Tofauti ya mita 10 ivumilie. Mashimo matatu mfululizo yakikataa, basi kadi na picha ni za nyakati tofauti. Hilo hutokea sana. Mpira wenye kiini cha nyuzi za mpira, uliopewa hataza 1899, uliruka mbali kuliko ule wa zamani wa utomvu mgumu, na viwanja vingi vililazimika kurefushwa au kuhama katika miaka iliyofuata.

Kijisitu chako kisikukatishe tamaa. Kwa kweli ndicho tumaini lako, kwa sababu jembe na tingatinga havijapita humo. Grini iliyojengwa ni jukwaa: udongo ulikatwa upande wa juu ukamwagwa upande wa chini, na ukingo ule unabaki hata miti ikiota juu yake. Siku hizi serikali nyingi hutoa bure data za upimaji wa ardhi kwa leza kutoka angani. Leza hupenya kati ya majani, na kompyuta ikishaondoa miti unabaki na sura ya ardhi tupu. Chukua yenye kipimo cha kila mita 1 au chini ya hapo. Kwenye programu ya ramani tengeneza kivuli cha jua la chini, nyuzi 10 hadi 30 hivi, na ubadilishe upande wa mwanga angalau mara nne, maana ukingo unaolala sambamba na mwanga hauonekani. Grini itakuwa yai tambarare la mita 15 hadi 30, banka ni kishimo cha nusu mwezi. Lakini mashimo ya mabomu, machimbo ya changarawe, matanuru ya mkaa na misingi ya nyumba yote yanafanana na hivyo. Usikubali umbo lolote la leza peke yake. Likubali pale picha ya zamani au urefu wa kwenye kadi unapoliunga mkono.

Kwenye nyumba na mashamba, uinuko umesawazishwa, ila udongo wenyewe una kumbukumbu. Grini iliyomwagiwa mchanga mwembamba mwaka baada ya mwaka hukauka haraka. Banka lililofukiwa kwa udongo laini hushika maji. Wakati wa ukame mkali nyasi za juu yake hutofautiana rangi, na picha iliyopigwa wiki hizo inaweza kukuchorea kitu ambacho picha za miaka mingine zote zimekificha. Tafuta picha za miaka ya ukame kwa makusudi.

Kuhusu lini ulikufa, nakusihi usitegemee habari ya mwisho ya gazeti. Magazeti husherehekea ufunguzi. Kifo cha klabu ndogo hupita kimya. Fuata pesa na ardhi. Klabu nyingi zilikuwa kampuni, na kampuni ikifungwa huacha faili; za Uingereza ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Kew, mfululizo wa BT 31, na tangazo la ufilisi huwa kwenye gazeti rasmi la serikali, London Gazette. Tafuta mikataba ya ardhi, daftari za kodi ya majengo, na matangazo ya mnada. Tangazo la kuuza mashine za kufyekea, au viatu vya ngozi walivyovishwa farasi wasikwaruze nyasi, ni karibu sawa na cheti cha kifo. "Wakati wa vita" ya wazee ichukue kama mwelekeo. Viwanja vingi vililimwa au kuchukuliwa na jeshi wakati huo, lakini vingine vilikuwa vimeshakufa kwa ukata wa miaka ya 1930, na vingine vilifufuka baada ya amani. Picha ya ndege ya 1946 ikionyesha matuta ya viazi juu ya grini, mjadala umekwisha.

Unapotafuta kwenye magazeti yaliyogeuzwa maandishi na mashine, kumbuka mashine husoma vibaya. Neno "golf" hugeuka "gulf" au "goif". Tafuta kwa jina la katibu, jina la kikombe kilichoshindaniwa, au jina la shamba. Pitia pia kurasa za hafla na karamu, si za michezo peke yake.

Mchoraji ndiye swali gumu kuliko yote, na hapa nakuomba uwe mkali. Kila uwanja uliokufa hupenda kupewa baba maarufu. Ni kweli Old Tom Morris, mchezaji na mchoraji wa viwanja wa Scotland wa karne ya 19, alipita sehemu nyingi, na mara nyingi kazi yake ilikuwa kutembea ardhini siku moja mbili akiweka vigingi. Donald Ross, mchoraji aliyefanya kazi Marekani, anahesabiwa viwanja kama 400, na vingine vilijengwa na wasaidizi kutoka kwenye michoro yake. Kwa hiyo tenganisha "alikuja", "alichora", "alijenga" na "alirekebisha", na kwa kila moja dai ushahidi wa wakati ule: barua, malipo kwenye vitabu vya kamati, au mchoro. Michoro mingi ya Ross iko Tufts Archives, Pinehurst. Usipopata, andika "mchoraji hajulikani". Ni jibu halali kabisa, na ni bora kuliko jina litakalonakiliwa na watu miaka 50 ijayo.

Kipimo cha matumaini yako kiwe ushahidi ulionao. Uwanja wa Lido wa Long Island, uliochukuliwa na jeshi la majini la Marekani wakati wa vita, ulijengwa upya Wisconsin na kufunguliwa 2023, kwa sababu picha zake za zamani zilikuwa nyingi kiasi cha kutosha kutengeneza kielelezo cha kompyuta. Uwanja wa Askernish, kisiwani South Uist, Scotland, ulifufuliwa 2008 zaidi kwa kusoma ardhi yenyewe, na ndiyo maana mpaka leo watu wanabishana ni kiasi gani cha mashimo yake ni ya uwanja wa awali wa 1891. Wewe ukipata picha moja nzuri na kadi yako ikakubaliana nayo, utaweza kuyapanga mashimo yote 9. Umbo la kila grini hutalipata, na usilibuni.

Sasa kuchimba. Usichimbe. Jambo la kwanza ni ruhusa: ardhi ina mwenyewe, na nchi nyingi zina sheria inayokataza kuchimba au kupitisha kigunduzi cha chuma kwenye maeneo ya kale bila kibali. Jambo la pili, ambalo wengi hawalijui, ni sumu. Kwa miongo mingi grini zilipuliziwa dawa za ukungu zenye zebaki, na minyoo na funza waliuliwa kwa aseneti ya risasi, sumu yenye aseniki na madini ya risasi. Risasi, aseniki na zebaki hazioozi. Hukaa kwenye sentimita za juu za udongo, hasa pale pale kwenye grini unakotaka kuchimba. Tembea, piga picha, pima kwa simu au kifaa cha GPS, lakini udongo usiushike kwa mikono mitupu, na unawe kabla ya kula. Nyumba ikiwa imejengwa juu ya grini na wenyewe wanalima mboga hapo, waambie kwa upole wapeleke udongo maabara ukapimwe risasi, aseniki na zebaki. Na ikiwa nyaraka zinaonyesha jeshi lilifanyia mazoezi hapo, usiingie kichakani kabla ya kuuliza mamlaka kama eneo limesafishwa mabomu.

Ukihitaji kweli uthibitisho wa chini ya ardhi, mtafute mwanaakiolojia wa eneo, kwa kibali cha mwenye ardhi. Kwa bomba jembamba la kuchukulia udongo, la kipenyo cha sentimita 2 na urefu wa 60, akichoma mara tano kuvuka grini moja ataona kama kuna tabaka za mchanga zilizopangana. Akikuta sentimita 30 hivi za mchanga juu ya changarawe, hiyo inaelekea kuwa grini ya muundo uliochapishwa na chama cha gofu cha Marekani 1960, na kama ndivyo, uwanja wako haukufa vitani. Rada ya kupenya ardhi ni ghali, nayo ina maana tu pale ulipobakiwa na grini moja yenye ubishi. Kabla hujalipia chochote cha aina hiyo, agiza ile picha ya ndege.